Mfiwa Hashiki Kitabu

Mazimbu, Morogoro
18 Novemba 2024

Shemeji Alois,

Tumsifu Yesu Kristo.

Nakuandikia karatasi kama enzi za babu zetu kwa sababu simu yako haipatikani tangu Septemba. Nilimpigia mwanao Castory huko Dumila, akaniambia baba ameitoa laini kwa mkono wake mwenyewe. Basi barua hii anakuletea Mwanvita, anayepanda huko kila wiki kununua karoti na kabichi. Nimemwambia asiondoke mlangoni kwako mpaka uipokee. Unamjua mtani wetu huyo, akiambiwa asiondoke haondoki.

Nimesikia mambo yako. Nimesikia ile rimu ya lori mnayoiita kengele hujaigusa tangu mvua za vuli zianze. Jumapili watu wa Mlunga wanakaa kanisani wanatazamana, mpaka mwenyekiti wenu Ezekiel anaanzisha rozari kwa sauti yake ile ya kufukuzia nyani shambani, kisha kila mtu anarudi kwake. Padri anafika hapo mara moja kwa mwezi, na mvua ikinyesha hafiki kabisa. Katekista ndiye kanisa la hapo, na wewe unalijua hilo kuliko mimi. Vikongwe wa Mlunga hawawezi kuteremka hadi parokiani. Umewaacha na nani?

Na usinijibu kwamba ni msiba. Catherine alikuwa mdogo wangu kabla hajawa mke wako, nimembeba mgongoni. Tumemzika Aprili, na mimi huku sijakosa jumuiya hata Jumamosi moja. Ni mwenyekiti, naongoza, naimbisha, natembelea wagonjwa. Ningekuwa na deko kama lako, kina mama wa Mazimbu wangekuwa wameshahamia kwa walokole wote.

Nawatuma hao kina mama waje kukuombea. Watalala kwako siku tatu. Safisha nyumba.

Dada wa marehemu mkeo,
Anastasia


Mlunga
2 Desemba 2024

Shikamoo shemeji.

Ile salamu yako nyingine nimeiacha kama ilivyokuja. Sina jibu lake.

Wanawake wako wamefika, wamekula, wameondoka. Walikuja na spika ya kuchaji na manukato ya kutosha harusi nzima. Siku ya kwanza walinikalisha kwenye kigoda, wakaniwekea mikono kichwani, na yule mnene akaiamuru roho ya kukata tamaa initoke, kwa sauti iliyofanya mbuzi wa jirani wakate kamba. Siku ya pili nikatokea mlango wa jikoni, nikaenda zangu kwenye bustani. Wakanifuata huko huko wakiimba. Roho ya kukata tamaa haikutoka. Miche yangu ya kabichi ndiyo iliyotoka, waliikanyaga yote.

Kuhusu laini, ni kweli niliichomoa. Kila alfajiri simu inalia, nafungua, nakuta picha ya ua jekundu na maneno: usikate tamaa, Mungu ana makusudi, jaribu lako ni ushuhuda wako. Mmoja wenu aliniandikia kwamba Mungu alimhitaji Catherine kuliko mimi nilivyomhitaji. Huyo ndiye aliyenimaliza. Laini ipo jikoni kwenye majivu, aje aichukue.

Unaniuliza wazee nimewaacha na nani. Nami nakuuliza, mimi mliniacha na nani?

Na kama shida ni shamba, sema tu. Najua mila za Kiluguru, ardhi ni ya upande wa mama. Mimi ni mtu wa kuja, nimeoa kwenu, nalima udongo wa ukoo wenu, na aliyenipa haki ya kuulima hayupo tena. Ukilitaka, njoo uliseme mchana kweupe. Usitangulize rozari.

Alois,
aliyekuwa katekista


Mazimbu
9 Desemba 2024

Alois,

Shamba!

Nimeisoma barua yako nikaenda kunawa uso, nikarudi nikaisoma tena, nikidhani nimekosea. Kumbe ndivyo ulivyoandika. Ningetaka shamba ningekuja na wajomba zangu wote, tungekaa barazani kwako tukamaliza kabla chai haijapoa. Nilitaka roho yako, wewe unaniletea habari za shamba. Lima mpaka ufe. Castory ni wa ukoo wetu, shamba ni lake, na baba wa Castory hafukuzwi na mtu.

Kina mama wamerudi wananisema mimi. Wanasema walipokelewa kama wanamgambo waliokuja kudai ushuru. Yule unayemwita mnene alikwea mlima wenu na presha yake, kwa ajili yako, na hakuna aliyemlazimisha.

Watu hufa moyo, nakubali. Mtu aliyekufa moyo hukaa na wenzake, akalia, wakalia naye. Wewe unawatemea mate wanaokuja. Hiyo si huzuni, hicho ni kiburi.

Sasa sikia. Padri amechoka na ninyi. Amesema kama hamtakuwa na mtu wa kuongoza ibada mpaka Pasaka, kigango cha Mlunga kitafungwa, na watu waungane na kigango cha bondeni. Unajua maana yake. Wenye miguu watateremka, wasio na miguu watakufa bila kusikia sala. Mlango huo ukifungwa, umeufunga wewe.

Na kama kuna jambo mimi nilikukosea, liseme. Mambo ya kununa nimewaachia watoto.

Anastasia


KAMATI YA KIGANGO CHA MLUNGA
6 Januari 2025

Kwa: Ndugu Alois
Yah: KUACHA HUDUMA BILA TAARIFA

Husika na somo la hapo juu.

Kamati ya Kigango iliketi chini ya uenyekiti wangu na kujadili mwenendo wako. Imebainika kwamba huongozi ibada, hufundishi watoto wa komunyo, hupigi kengele, na Sikukuu ya Noeli ulionekana unapalilia.

Hivyo basi unatakiwa kukabidhi mali za kanisa kama ifuatavyo: funguo, kanzu nyeupe, nyundo ya kupigia kengele, na kitabu cha ibada.

Aidha, unakumbushwa kwamba Padri amesema kigango kitafungwa baada ya Pasaka pasipokuwa na kiongozi, na lawama hizo kamati haitazibeba.

Nakutakia utekelezaji mwema.

Ezekiel
Mwenyekiti wa Kigango

Haya ya chini sijawasomea kamati. Alois, sauti yangu imekwisha. Nikianzisha wimbo watoto wanacheka. Rudi bwana.


Mlunga
13 Januari 2025

Shemeji,

Funguo, kanzu na nyundo nimemrudishia Ezekiel mkononi. Kitabu nimekataa. Kamati imekasirika, nawe utasikia, kwa hiyo nakuambia mwenyewe.

Uliniuliza umenikosea nini. Hukumbuki kweli?

Kumbuka Aprili. Mvua ya siku ile, daraja limeondoka, padri amekwama ng'ambo na pikipiki yake, na maiti haiwezi kusubiri. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani barazani kama mfiwa yeyote. Asubuhi niliona maji yanataka kuingia walipolala wageni, nikainuka nikachukua jembe nizibue mfereji. Mwanvita alininyang'anya lile jembe mbele ya watu wote, akanitukana matusi yote ambayo mtani anaruhusiwa na mengine ya kwake. Mfiwa hashiki jembe, we mwehu! Mfiwa hachoti maji, hapulizi moto, hata chumvi haombi! Kaa chini! Nikakaa. Shemeji, sijawahi kushukuru matusi kama siku ile. Nilijua nimeshikwa, nikianguka kuna watu.

Kisha ukaja wewe na kitabu.

Ulikiweka mapajani mwangu, ukanivika kanzu juu ya shati la msiba, ukanifunga kamba kiunoni kama unamvisha mtoto wa shule. Nikamtazama Mwanvita. Alinyamaza, maana kitabu ni cha kanisa na yeye ni Mwislamu, akaona hapo utani wake haufiki. Nikawatazama watu wa kanisa. Nao walinyamaza, maana katekista ni mimi, nani mwingine azike? Kila mtu alidhani ni zamu ya mwingine kunizuia.

Basi nikamzika mke wangu. Sauti haikutetemeka, nina uzoefu. Nimezika mlima huu wote. Nilipofika pale pa kuwaombea wafiwa faraja, niliinua macho kama ninavyofanya siku zote, niwatazame wafiwa. Mkeka ulikuwa mtupu.

Tangu hapo nikifumbua kinywa kusali naisikia sauti ile ile, sauti ya kazi. Nimejaribu shambani, nimejaribu kitandani. Haiji nyingine. Miezi ya mwanzo nililazimisha, mbele za watu, nikawa najisikia mwongo. Mwishowe nikaacha.

Wewe ni mwalimu mstaafu. Umepaza sauti madarasani maisha yako yote, watoto wanakusikia mpaka uwanjani. Kurasa tatu zilikushinda?

Kitabu nimekizuia kwa sababu sitaki mtu aje amwekee mfiwa mwingine mapajani.

Alois


Mazimbu
3 Februari 2025

Alois,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, wali ukaungua, nikaula hivyo hivyo.

Nimekaa nayo wiki nzima nikitafuta maneno ya kukujibu, na kila nililopata lilikuwa la kukugombeza. Basi ngoja nigombe. Ulitaka nifanye nini? Nisome mimi? Nimzike mdogo wangu kwa kinywa changu? Nilikitwaa kitabu mezani kwa sababu watu walikuwa wananiangalia mimi, dada mkubwa, wakisubiri niamue, na nilikuona wewe nikafikiri, Alois anaweza. Alois siku zote anaweza. Na wewe ukaweza! Ungeitupa ile kanzu topeni ningekuelewa. Ukasoma kama unatangaza mnada, halafu ukakaa nalo moyoni miezi yote hiyo, unatuchukia kimya kimya, nasi tunahangaika kukuombea roho ichomoke. Ubaya huo umejifunza wapi?

Haya. Sasa nikuambie jambo ambalo kina mama wa Mazimbu hawalijui, na ukilitoa nje nitakukana.

Mimi sisali. Naongoza tu. Jumamosi nafungua kwa ishara ya msalaba, nagawa masomo, namwambia huyu aombee wagonjwa na yule aombee safari, nafunga, nawapa mkono. Nikirudi nyumbani nalala kama gogo, bila hata Salamu Maria moja. Nimekinai. Ni kama chakula umepewa ukiwa mgonjwa, unakiona, unajua ni kizuri, kinywa hakitaki. Hali hii ilianza kabla ya msiba, msiba ukaimalizia.

Nilikuwa najipa moyo kwa jambo moja. Nilikuwa nasema, hakuna neno, Alois yupo kule juu, anapiga rimu yake, anasali kwa ajili yetu sote, na mimi nimo. Nilikuwa nimeegemea hapo. Niliposikia umeacha, nilikuchukia, Alois. Maneno ya wazee wa Mlunga nilikuandikia kwa sababu yanasikika vizuri. Ukweli ni kwamba nilikasirika kwa ajili yangu. Na wale kina mama niliwatuma kwa sababu mimi mwenyewe nisingeweza kukuombea hata neno.

Haya, cheka.

Anastasia


Mlunga
17 Februari 2025

Shemeji,

Sikucheka.

Lakini nimekasirika upya. Umeniegemea miaka yote hiyo bila kuuliza kama nimesimama. Ndivyo mlivyo wote. Katekista ni nguzo, nani anaijulia hali nguzo?

Unataka nikuambie nini? Nikutumie picha ya ua jekundu? Mimi nilikuwa nawaambia watu waliochoka kama wewe: sali hata kama hujisikii. Nililisema hilo kwa watu wengi wenye shida, na wao wakaniitikia ndiyo katekista. Sasa nawaonea huruma, nilikuwa siwasaidii.

Waambie hao kina mama wako ukweli. Mwambie yule mnene. Mtu anayekwea mlima na presha anaweza kuubeba ukweli wako.

Karoti hizo alizonazo Mwanvita si zawadi. Zilibaki.

Alois


Mazimbu
10 Machi 2025

Alois,

Karoti zako zilikuwa na mizizi kama ndevu. Nimezila.

Nilimwambia yule mnene. Anaitwa Glory, jifunze jina lake. Nilidhani ataita kikao cha maombi. Akavua viatu, akakaa kwenye kochi langu, akasema hata yeye. Tukatazama taarifa ya habari hadi mwisho, akaenda zake. Jumamosi iliyofuata akaongoza yeye, mimi nikakaa pembeni kwenye jamvi. Sikusali. Lakini sikuongoza, na hilo lilinipumzisha kuliko nilivyotegemea.

Nimekuja na jambo. Mwaka unatimia, na kaburi la Catherine lina kijiti tu. Ndugu wamekubaliana tuweke msalaba Jumamosi tarehe 5 Aprili. Castory amekwisha kuufyatulisha Dumila, wa zege, ataupandisha mwenyewe. Padri ameahidi misa. Nimemwapisha.

Siku hiyo wewe utakaa mkekani. Hutasoma, hutaimba, hutapokea wageni wala kuonyesha watu choo kilipo. Ulinyimwa, utapewa. Ukikataa nitajua unaipenda hasira yako kuliko unavyompenda mdogo wangu.

Anastasia


Mlunga
24 Machi 2025

Shemeji,

Njooni.

Lakini masika yameshaanza, na daraja walilojenga ni la miti, lile lile. Padri wako anaapa akiwa kwenye lami. Nakuambia mapema ili usije ukasema hukuambiwa: padri asipofika, mimi kitabu sikishiki. Mkinigeuzia macho, hata kama ni jicho moja, nainuka nashika njia ya msituni na msalaba mtauweka wenyewe. Na huko kanisani kwenu msinione tena hadi siku mtakayonibeba.

Sitanii. Utani ni wa Mwanvita.

Alois


Mazimbu
7 Aprili 2025

Alois,

Nimefika salama. Viatu vimebaki kwenye tope lenu, mkivipata mzikeni navyo mtu.

Najua mlima mzima unanicheka. Najua hata sokoni Mwanvita ameshasimulia, maana leo muuza nyanya ameniuliza kama ninabariki na mahindi.

Lakini nikuulize, ulitaka nifanyeje? Ezekiel alipopokea simu kwamba maji yamejaa na padri amegeuza, niliona vichwa vya watu vinakugeukia, kimoja kimoja. Na changu kiligeuka. Nakiri hilo kwa sababu uliniona. Nikaona umeshaanza kukunja miguu uinuke, na njia ya msituni iko nyuma yako tu. Nikasema moyoni, leo tunampoteza, huyu akiondoka harudi.

Nilikuja hapo mkekani, nikakuambia nipe kitabu. Ulikuwa umekikalia! Mtu mzima umekalia kitabu cha ibada kama kuku juu ya mayai. Nikakivuta.

Mengine unayajua. Mvua kwenye miwani, kurasa zimeshikana kwa unyevu. Nilifungua palipofunguka. Nikasoma kwa sauti ya darasani kama ulivyonisimanga. Nikasikia watu wanaitikia amina vizuri tu, nikapata nguvu, nikaendelea. Nilipofika kwenye neno maharage ndipo nilipojua niko kwenye baraka ya mbegu za msimu. Nikashindwa kurudi nyuma, nikashindwa kwenda mbele, nikaimalizia hivyo hivyo.

Nilijitahidi, Alois. Kama na hili utalikalia miezi kumi, usiniandikie tena.

Anastasia


Mlunga
14 Aprili 2025

Shemeji Anastasia,

Shikamoo.

Ulisoma vibaya. Hata ukurasa ungekuwa sahihi, ulikuwa unasoma vibaya, unameza vituo vyote, watu hawapati pa kupumua. Mke wangu umemwombea asipatwe na fukusi wala panya, achipue kwa mvua ya kwanza, azae kwa wingi, na ziada ihifadhiwe ghalani. Vikongwe wakajibu amina. Ezekiel akajibu amina kubwa kuliko wote.

Ulipofika kwenye fukusi, mimi niliinuka. Hukuniona, ulikuwa umezama kitabuni. Niliinuka kwa mazoea, nilitaka nikupokee nikuwekee ukurasa. Nimeshika kazi hiyo muda mrefu, siwezi kusikia kosa nikakaa. Hatua moja tu, Mwanvita akanikamata shati kwa nyuma, akanivuta nikaanguka kitako mkekani, na akasema, si kwa kunong'ona: "Wewe unakwenda wapi? Mfiwa hashiki jembe, mfiwa hashiki kitabu! Mwaka jana nilikionea haya hicho kitabu chenu, leo sikionei. Kaa hapo, dume zima. Mwache dada mtu abariki maharage yake!"

Nilianza kwa kucheka. Nataka ulijue hilo, nilikucheka wewe. Kisha kicheko kikageuka kikiwa njiani, na nikalia, shemeji. Nililia kwa sauti, kamasi zinatoka, Castory amenishika upande mmoja na yule Glory wako upande mwingine, na manukato yake yale. Nilimlilia Catherine kwa mara ya kwanza tangu afe. Wewe ulikuwa unasoma habari za ghala.

Sasa mambo ya kanisa, asikuongopee mtu. Sijarudi. Ukatekista siutaki, na usije ukasikia ukaandaa keki. Kitabu nimempa Ezekiel, lakini kabla ya kumpa nimeandika kwenye jalada la ndani kwa kalamu nene: MFIWA HASHIKI KITABU HIKI. Kamati imenuna, wanasema nimeharibu mali ya kanisa. Wanune. Nimewaambia pia kwamba wanatakiwa kusoma watu wengi, kwa zamu, hata wanaosoma kama wewe. Padri amekubali. Mlango haufungwi.

Jana Jumapili ya Matawi nilikwenda. Nilikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, nipate pa kutokea. Rimu ilipigwa hovyo. Ezekiel akaongoza, watoto wakacheka. Ilipofika nafasi ya maombi akauliza nani ana nia. Nilikuwa nimejiapiza sifumbui kinywa mle ndani.

Nikafumbua. Nikasema namwombea shemeji yangu Anastasia wa Mazimbu, amechoka na hawezi kusali, basi tumsalie sisi mpaka aweze. Nimekutaja kwa jina, mbele ya kigango kizima, siri yako nimeitoa nje. Nikane. Sauti ilitetemeka na maneno yalinipotea katikati, na ndiyo maana nilijua kwamba haikuwa ile ya kazi.

Watu wote wa Mlunga walijibu. Kwa hiyo usiku ukilala kama gogo, lala tu, umeshasaliwa.

Na ile salamu yako ya Novemba niliyokuachia bila jibu: milele, amina.

Alois